Alumini Kisiwani: Kila Nguvu na Gharama Yake

Kizimbani inajulikana kwa mikarafuu, kwa kituo cha utafiti wa kilimo na kwa wageni wanaokuja kunusa mdalasini na iliki. Metali si habari ya kijiji hicho. Hata hivyo alumini imeenea humo kama ilivyoenea Unguja nzima: iko kwenye sufuria za jikoni, kwenye fremu za madirisha ya nyumba mpya, kwenye ngozi ya bati la paa, na kwenye boti iliyomleta mgeni kutoka Dar es Salaam. Vitu vinne hivyo vinaitwa kwa jina moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza.

Dukani mnunuzi huahidiwa mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba alumini hii ni safi, na kwamba ni ngumu. Ahadi hizo hukaa pamoja kwa shida. Alumini iliyo safi kweli ni laini, na iliyo ngumu imetiwa kitu ndani yake au imefinywa baridi mpaka ikakakamaa. Swali la maana ni hili: imetiwa nini, kwa kiasi gani, na kitu hicho kimekaa wapi ndani ya metali. Katika kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi kuna swali jingine lenye uzito uleule: nguvu hiyo italipiwa kwa kitu gani?

Ulaini wa asili

Alumini isiyochanganywa huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, kama theluthi ya uzito wa chuma. Ikishalainishwa kwa moto, hukatika ikivutwa kwa takriban megapaskali 90, wakati chuma cha kawaida cha ujenzi huvumilia 400 na ushei.

Sababu iko kwenye mpangilio wa atomi. Ndani ya kila chembe ya metali atomi zimejipanga safu kwa safu, lakini safu hizo zina kasoro: mahali fulani safu moja huishia njiani. Metali inapokunjwa, safu nzima haitelezi kwa mkupuo. Kinachosafiri ni ile kasoro, hatua kwa hatua, kama mtu anayesogeza jamvi zito kwa kusukuma mkunjo wake badala ya kuliburura lote. Katika alumini safi kasoro hizo hazina cha kuzizuia. Kuimarisha alumini, basi, ni kuziwekea vizuizi.

Kizuizi cha kwanza ni atomi ngeni iliyoyeyuka na kukaa katikati ya atomi za alumini. Kwa kuwa ni kubwa au ndogo kuliko wenyeji wake, huupotosha mpangilio na kasoro hukwama. Cha pili ni punje ndogo mno za mchanganyiko mwingine zilizotawanyika ndani ya metali. Cha tatu ni mipaka ya chembe zenyewe: chembe zikiwa ndogo mipaka huwa mingi, na ndiyo maana viwandani hutiwa titani na boroni kidogo sana ili metali igande kwa chembe ndogondogo. Juu ya hayo kuna kufinya metali ikiwa baridi, ambako kasoro huongezeka mpaka zinazuiana zenyewe kwa zenyewe.

Kizuizi cha pili ndicho kilichobadilisha historia. Mwaka 1906 Alfred Wilm, mtaalamu wa metali wa Ujerumani, aliipasha moto alumini yenye shaba kiasi cha asilimia 4 na magnesiamu kidogo, kisha akaizimisha kwa maji. Alitarajia iwe ngumu papo hapo kama chuma. Haikuwa. Ilipopimwa tena baada ya siku chache ilikuwa imekuwa ngumu zaidi bila mtu kuigusa. Metali hiyo iliyochanganywa, yaani aloi, iliuzwa kwa jina la Duralumin na ikaunda mifupa ya meli kubwa za anga za Zeppelin, lakini siri yake ilionekana wazi mwaka 1938 tu, pale Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walipotumia miali ya eksirei.

Siri yenyewe ni hii. Kwenye nyuzi 548 alumini inaweza kuyeyusha shaba mpaka karibu asilimia 5.7, lakini kwenye joto la kawaida haiwezi hata sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Ikizimishwa ghafla, shaba hunaswa ndani bila nafasi ya kutoka. Kisha polepole atomi zake hukusanyika katika vikundi vyenye ukubwa wa sehemu chache za milioni ya milimita, vingi mno na vilivyokaribiana. Hivyo ndivyo vizuizi bora kuliko vyote. Lakini joto likizidi au likidumu, vikundi hukua, vikubwa hula vidogo, nafasi kati yao hupanuka, na ulaini hurudi. Shaba ni ileile na kiasi ni kilekile. Nguvu imeondoka kwa sababu shaba imehamia mahali pengine. Yeyote anayeuliza tu asilimia za elementi amepata nusu ya habari.

Elementi na kazi zake

Manganizi ndiyo ya unyenyekevu. Kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 huongeza nguvu kidogo juu ya alumini safi, haiharibu ukinzani dhidi ya kutu, na huiacha metali ikunjike vizuri. Ndiyo sababu sufuria za kiwandani zinazofinywa kutoka kwenye bati hutengenezwa sana kwa aloi ya aina hiyo.

Silikoni haikuja kwa ajili ya nguvu kwanza, bali kwa ajili ya kalibu. Ikikaribia asilimia 12.6 kiwango cha kuyeyuka hushuka hadi nyuzi 577, na metali ya moto hutiririka mpaka kwenye pembe nyembamba za kalibu bila kupasuka inapopoa. Pistoni na vifuniko vya injini za pikipiki hutoka huko. Tatizo ni sura: silikoni ikigandia polepole hujenga vipande vyenye ncha kali, na ufa huanzia kwenye ncha hizo. Mnamo mwaka 1920 Aladár Pácz aligundua kwamba sodiamu kidogo tu hubadilisha vipande hivyo kuwa nyuzi laini. Hakuongeza silikoni wala kuipunguza; alibadilisha umbo lake, na metali ikaacha kuvunjika kama kigae.

Magnesiamu na silikoni zikikutana kwa kiasi kidogo, chini ya asilimia 1 kila moja, huzaa punje zinazoimarisha metali kwa njia ileile ya Wilm. Aloi za kundi hili husukumwa kwa urahisi kupitia tundu lenye umbo, na huko ndiko zinakotoka fremu za madirisha na milango zinazojaza mitaa ya Unguja. Ile ya madirisha haina nguvu ya kutisha, kwa kawaida kati ya megapaskali 190 na 240, lakini dirisha halihitaji zaidi. Malalamiko mengi ya dirisha linaloyumba huelekezwa kwa aloi wakati kosa ni unene wa ukuta wa fremu, au skrubu za chuma ambazo, zikikutana na alumini na mvuke wa bahari, huanzisha umeme mdogo unaoila alumini pembezoni mwa tundu.

Zinki ikiambatana na magnesiamu na shaba hufikisha nguvu karibu megapaskali 570, juu ya chuma cha kawaida, na hivyo hutumika kwenye ndege. Chuma, kinyume chake, karibu hakiyeyuki kabisa ndani ya alumini iliyoganda: kikomo chake ni kama asilimia 0.05. Kinachobaki hugeuka sindano ngumu zinazoikata metali kwa ndani. Manganizi ikitiwa kiasi cha nusu ya chuma kilichomo, sindano hizo huvunjwa umbo na madhara hupungua, ingawa chuma chenyewe hakiondoki.

Boti na magnesiamu

Ikiwa kuna mahali ambapo Unguja inategemea kemia ya aloi kila siku, ni baina ya Bandari ya Malindi na Dar es Salaam. Boti za mwendo kasi za Azam Marine za mfululizo wa Kilimanjaro ni za alumini; kadhaa zimechorwa na Incat Crowther na kuundwa Hobart, Tasmania, na kampuni ya Richardson Devine Marine. Boti za aina hii kwa kawaida huundwa kwa bamba lenye magnesiamu ya asilimia 4 hadi 4.9 pamoja na manganizi kidogo, bila shaba ya makusudi.

Kwa nini isichaguliwe iliyo kali zaidi? Jibu ni kuchomea. Aloi ya magnesiamu na silikoni inayotumika kwenye miundo huvumilia kama megapaskali 310, lakini moto wa kuchomea hukuza zile punje zake, na pembeni mwa kiungio nguvu huweza kushuka hadi karibu 165. Bamba la boti huanza na nguvu inayokaribiana, kama 305, ila nguvu yake inatokana na magnesiamu iliyoyeyuka, ambayo moto hauwezi kuifukuza. Baada ya kuchomewa hubaki karibu 275. Boti ni viungio kutoka mbele hadi nyuma, hivyo mchoraji huhesabu nguvu ya kiungio, hahesabu ya bamba jipya.

Magnesiamu nayo ina deni lake. Ikizidi asilimia 3, na metali ikakaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 65 au zaidi, hujipenyeza taratibu mpaka kwenye mipaka ya chembe na kujipanga huko. Maji ya chumvi huila mipaka hiyo, na bamba likiwa limevutwa hupasuka kwa kufuata njia iliyokwisha kuchimbwa. Jeshi la Majini la Marekani liliyaonja hayo kwenye manowari za daraja la Ticonderoga, ambazo majengo yake ya juu yalitengenezwa kwa aloi yenye magnesiamu ya kiasi cha asilimia 5 na yakaota nyufa nyingi. Katika ukanda wa Ikweta, deki inayopigwa jua na ukuta wa chumba cha injini ni sehemu za kuchunguzwa kuliko pengine popote.

Hoja ya usafi

Wanaotetea alumini safi wana hoja nzito mbili. Ya kwanza ni kutu. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksaidi, na utando huo hukaa imara zaidi pasipo na punje ngeni za kuutoboa. Ya pili ni umeme: atomi ngeni zinazozuia kasoro huzuia pia mwendo wa elektroni, na ndiyo maana nyaya za umeme hutengenezwa kwa alumini iliyo karibu na usafi kamili.

Udhaifu wao uko kwenye matumizi. Sufuria safi kabisa hubonyea ikianguka sakafuni. Tena usafi hauizuii metali kuliwa na chakula: utando wa oksaidi hutulia pale ambapo uchachu wala ukali wa magadi haujazidi, takriban kati ya pH 4 na 8.5. Mchuzi wa urojo wenye ukwaju na embe mbichi unaweza kushuka chini ya mpaka huo, na kunde zilizopikwa kwa magadi zinaweza kupita juu yake. Chakula cha aina hiyo kikilazwa usiku kucha ndani ya sufuria huondoka na alumini kidogo, iwe safi au iliyochanganywa.

Hoja ya nguvu kwanza

Wenye hoja hii husema metali yenye nguvu hutumika kwa uchache, chombo huwa chepesi na mafuta huokolewa. Kwa ndege hawana mpinzani. Lakini shaba, iliyo moyo wa aloi nyingi za ndege, ni adui ndani ya maji ya chumvi: punje zake na alumini iliyozizunguka hugeuka betri ndogo zisizohesabika, na vijishimo huanza.

Wahandisi wa ndege wanalijua hilo, hivyo hufunika bamba lenye shaba kwa tabaka jembamba la alumini safi, wakakopa hoja ya upande wa kwanza ili kuulinda wa pili. Hata hivyo visiwa vina namna yake. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokuwa ikiruka safari fupifupi baina ya visiwa vya Hawaii, ilipoteza sehemu kubwa ya paa lake angani, na mhudumu mmoja akafa. Uchunguzi ulionyesha viungio vilivyoachia gundi, kutu, na nyufa za uchovu wa metali baada ya maelfu kwa maelfu ya safari. Aloi peke yake haikulaumiwa. Lakini aloi yenye nguvu katika hewa ya chumvi hudai matunzo ambayo aloi ya wastani haidai.

Hoja ya skrepa

Upande wa tatu hauandiki makala. Ni wa mafundi wanaoyeyusha skrepa na kusubu sufuria nzito, vyungu vya kupikia shughuli na vipuri. Hoja yao ni ya kiuchumi, na ni nzuri kuliko inavyosemwa. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huhitaji kiasi cha asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza upya kutoka kwenye madini. Afrika Mashariki haina kiwanda cha kuzalisha alumini mpya. Iliyopo hutoka mbali, kwenye viwanda kama cha Sohar nchini Oman kilichoanza mwaka 2008. Kila kopo linalookotwa Unguja ni alumini isiyohitaji kuvuka bahari. Sufuria nzito ya kusubu pia husambaza moto vizuri, na mpishi wa pilau ya harusi hahitaji kuambiwa faida ya hilo.

Tatizo ni kinachoingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Kopo moja la soda lina aloi mbili: mwili wenye kiasi cha asilimia 1 ya manganizi na magnesiamu inayokaribia hapo, na kifuniko chenye magnesiamu karibu 4.5. Ongeza pistoni yenye silikoni na shaba, kipande cha waya, skrubu ya chuma iliyosahaulika. Sehemu ya magnesiamu huungua. Shaba na chuma hubaki, na kila mzunguko wa kuyeyusha huongeza chuma. Ikiwa skrepa imelowa, maji hutoa haidrojeni ambayo metali ya moto huinywa na metali inayoganda huitema, ikiacha vitundu. Mtu aliyewahi kuona sufuria mpya ikivuja jasho chini yake huenda ameona kazi ya haidrojeni hiyo.

Yapo ya hatari zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, zikiwemo Tanzania na Kenya, na zaidi ya theluthi yake vilitoa risasi ya kutosha kuhatarisha afya. Risasi haiyeyuki ndani ya alumini iliyoganda. Huachwa kama vitone, haiongezi nguvu yoyote, na huingia kwenye sufuria kwa bahati mbaya tu, kwa mfano kupitia mabaki ya betri au lehemu. Hapa hakuna mizani ya faida na hasara, kwa sababu faida haipo.

Paa, kesi ya pembeni

Bati linaloitwa la alumini mara nyingi ni chuma kilichopakwa. Hata ALAF ya Dar es Salaam, inayotengeneza mabati, ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Aluminium Africa. Mabati ya alumini na zinki kwa kawaida hubeba ngozi yenye alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Alumini huzuia kutu kwa miaka mingi, na zinki hujitoa mhanga pale bati linapokwaruzwa. Ile silikoni ndogo ndiyo ya kuangaliwa: bila hiyo alumini ya moto na chuma huungana kwa kasi na kujenga tabaka nene linalobanduka fundi akikunja bati.

Kupima

Kwa kisiwa, hoja ya nguvu kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote nje ya uwanja wa ndege. Chombo cha baharini kinahitaji magnesiamu na uchunguzi wa joto, hakihitaji shaba wala zinki ya kushindana na chuma. Dirisha linahitaji magnesiamu na silikoni za wastani, ukuta mnene, na skrubu zisizogombana nalo. Hoja ya usafi inashinda kwenye nyaya. Jikoni inashindwa kidogo na manganizi. Paa lina hesabu yake, kwa kuwa kazi ya kubeba uzito ni ya chuma kilicho chini.

Hoja ya skrepa ndiyo inayostahili kusaidiwa zaidi kuliko kukemewa. Mashine ya kupima elementi ni ghali kwa fundi wa mtaani, lakini nusu ya kazi hiyo hufanywa na macho na sumaku. Nyaya na sufuria za kiwandani ziwe fungu moja, kwa kuwa shaba na silikoni humo ni chache. Makopo yawe fungu la pili. Vipande vya injini na giaboksi viwe la tatu, vikasubiwe vipuri na visiwe vyombo vya kupikia. Sumaku iondoe chuma kabla ya moto, skrepa ikaushwe juani, na chochote kilichogusana na betri au kubandikwa kwa lehemu kisikaribie kalibu ya sufuria.

Gharama ya mpango huo ni mikono zaidi ya kuchagua, skrepa inayokataliwa wakati imeshanunuliwa kwa kilo, na sufuria itakayopanda bei. Mnunuzi wa Kizimbani ataiona tofauti ya bei siku ileile dukani. Tofauti ya metali haionekani kwa macho, na mpaka kuwepo alama inayomwambia chombo kimetokana na fungu lipi, hana sababu ya kuilipia.